Gitaa Lililolilia Muhogo

Harusi za Kenton, kule London, miaka ile hazikuwa harusi mpaka Kuldip Singh apige "Behewa la Mwisho". Wimbo wenyewe ulikuwa na beti tatu tu, na aliyeziimba ni Mbarouk, mtu wa Unguja. Zikiisha, Kuldip alilichukua gitaa akalivuta robo saa nzima, na wazee wa Kihindi waliofukuzwa Kampala wakatoa leso. Walisema wanaisikia treni ikiondoka na miaka yao.

"Kalasinga huyu ana jambo moyoni," walinong'onezana.

Kweli alikuwa nalo. Lilikuwa muhogo.

Kuldip alizaliwa Kisumu, akafika London mwaka 1968 na sanduku moja, na sasa alikuwa akishona magodoro kiwandani. Mtu wa haya sana. Akiulizwa saa, alitazama viatu kwanza, ndipo akatazama saa. Gitaa alilipigia chumbani Kilburn, mlango umefungwa, mpaka siku alipopita kwenye duka la santuri akasikia magitaa mawili yakifukuzana bila mwimbaji, na wala hayachoki. Akajikaza, akauliza ni muziki gani huo. Muuzaji, mdomo umejaa mkate, akajibu: "Southern."

Alikuwa na maana ya kusini mwa Marekani. Kuldip akasikia Southall, kule kwa Wapunjabi wenzake, safari ya basi tu.

"Vijana wa Southall wanapiga gitaa hivyo," alimwambia Mbarouk, aliyepanga naye chumba, "na sisi tumekaa!"

"Southall? Mimi kutoka Southall najua pilipili tu."

Basi akatunga wimbo wake kwa mtindo wa Southall, na hakutokea wa kumsahihisha. Siku moja ya mazoezi aliliegemeza gitaa lake la umeme kwenye spika bila kupunguza sauti, akaenda kutia chai. Gitaa likaanza kulia lenyewe, uuuuu, kama limefiwa, mpaka mpangaji wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Mwanzoni kipande cha gitaa kilikuwa cha dakika mbili. Harusi ya kwanza, Mbarouk alimaliza ubeti wa tatu, akamwinamia sikioni. "Shikilia hapo hapo, nakwenda msalani."

Msala wenyewe ulikuwa jikoni. Alirudi midomo inang'aa mafuta, ananukia ukwaju.

"Bi Hansa kapata muhogo," akasema kwa furaha isiyo na aibu.

Bi Hansa alikuwa mjane kutoka Jinja, mpishi wa harusi zote za mtaa ule. Ndugu yake alipakua mizigo uwanja wa ndege, na kwa njia ambazo hakuna aliyeziuliza, muhogo wa Nairobi ulifika kwenye karai la dada yake. Aliukaanga, akaupiga chumvi na pilipili, akauwekea chatini ya ukwaju pembeni. Kuldip hakuwa ameuweka mdomoni tangu Kisumu.

Vijay, mpiga ngoma, naye akadai zamu yake. Mbarouk akirudi, alishika vijiti, Vijay akaenda kula. Ila gitaa halikuwa na wa kulishika, kwa hiyo Kuldip alipiga, akapiga, huku harufu ikimjia kutoka jikoni, na machozi yakimtoka kweli. Alipomaliza, sinia zilikuwa tupu. Mambo yakaenda hivyo mwaka mzima.

Ikafika harusi ya Damyanti, binti wa mwenye duka la vitambaa. Kabla ya muziki kuanza, Bi Hansa alitokea kando ya jukwaa, upawa mkononi.

"Kuldipbhai, wenzako wote wanakula kwangu. Wewe peke yako hujaonja mkono wangu. Unanionaje?"

Kuldip akatazama viatu. Kila Jumamosi alitia kilemba chake wanga mara mbili, na sababu ilikuwa imesimama mbele yake na upawa.

"Leo usipokuja nitajua unanidharau. Na sahani sikuwekei. Muhogo uliopoa ni kuni."

Alipoondoka, Kuldip alimgeukia Mbarouk. "Leo natangulia mimi kula."

"Na gitaa apige nani? Mimi nalijua kwa kulibeba tu."

Ubeti wa tatu ukaisha. Mbarouk akatoweka, kama kawaida. Kuldip alipiga dakika moja, mbili, tano. Wazee wakafumba macho. Leso zikatoka. Ndipo akarudi nyuma taratibu, hatua kwa hatua, mpaka kwenye spika kubwa iliyozungushiwa mashada ya maua. Akapandisha sauti mpaka mwisho, akaliegemeza gitaa, akainama nyuma ya mashada, akatambaa hadi nyuma ya pazia.

Uuuuu.

Ukumbi mzima ukashika kifua. "Amepiga magoti!" mzee mmoja akalia. "Mwacheni, mwacheni amalize uchungu wake."

Vijay peke yake aliona. Aliendelea kupiga ngoma huku akimtolea macho.

Jikoni, Mbarouk alikuwa ananyoosha mkono kwenye kipande kikubwa cha mwisho. Mkono mwingine ukamtangulia.

"Wee Kalasinga! Huko anapiga nani?"

Mdomo wa Kuldip ulikuwa na kazi. Muhogo ulikuwa wa moto, unavunjika nje na laini ndani, na ukwaju ukamfumba jicho moja. Bi Hansa alimsimamia, upawa umeinuliwa, akisikiliza kilio kilichokuwa kikitoka ukumbini.

"Kuldipbhai, wewe uko hapa. Basi hilo gitaa linapigwa na nani?"

Safari hii Kuldip hakutazama viatu. Alimtazama usoni, akameza.

"Huo," alisema, "ndio mtindo wa Southall."

Bi Hansa akacheka mpaka upawa ukamponyoka. Kisha akatia mafuta mengine kwenye karai.