Nilimrudishia Memsahib Bastola Isiyolia

Makosa ni yangu. Naanza na hilo mapema kwa sababu katika habari hii kuna mzungu mbaya, na nawajua wasomaji. Mkishamwona mzungu mbaya mtafunga kesi hapo hapo na kunionea huruma. Msifunge. Alikuwa mbaya kweli na mpaka leo simpendi. Lakini aliyemuua Mama Esta ni mimi.

Miaka ya hamsini nilikuwa mpishi kwenye shamba moja la ngano na pareto, juu ya Nakuru upande wa Dundori. Mwenye shamba alikuwa mjane wa kizungu aliyekaribia miaka sabini. Mbele yake tulimwita Memsahib. Kwenye laini, yaani kule kwenye nyumba zetu wafanyakazi, tulimwita Makucha.

Tulimwita hivyo kwa ajili ya vidole vyake. Baridi yabisi ilikuwa imevimaliza. Vifundo vilivimba, vidole vikapinda vyote upande mmoja, na hata kifungo cha sweta kilimshinda. Kikombe alikishika kwa viganja viwili, na chai ikimwagika alinitukana mimi.

Ilipoingia Hali ya Hatari, wazungu wa mashambani waliamriwa kutembea na silaha saa zote. Mzungu aliyepoteza bastola yake alishtakiwa. Mwafrika aliyekutwa na bastola, au hata risasi moja tu mfukoni, alinyongwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili.

Makucha alibeba bastola ya marehemu mumewe. Ilikuwa ya aina ile ambayo ukishaingiza risasi kwenye mpini, lazima ushike chuma cha juu, ukivute nyuma kwa nguvu, halafu ukiachie kirudi kwa kishindo. Hapo ndipo risasi ya kwanza inapanda. Usipovuta, umeshika nyundo ya kugongea misumari.

Na yeye hakuweza kuvuta. Kufyatua aliweza, kwa kutumia vidole viwili vya mikono miwili, lakini kile chuma kilimshinda kabisa. Siku moja nilimkuta stoo ameibana bastola katikati ya magoti, anavuta kwa viganja, machozi yanamtoka. Aliponiona alinifukuza kama mbwa.

Kesho yake asubuhi alikuja jikoni na kuiweka mezani, karibu na unga niliokuwa nakanda.

"Wewe, funga mlango," akasema. "Nawa mikono. Vuta hii kitu."

Basi ikawa kazi yangu. Kila asubuhi, baada ya kuwasha stovu, nilitoa risasi, nikaifuta bastola vumbi, nikaitia mafuta, nikarudisha risasi, nikavuta kile chuma, nikaweka kizuizi, nikamkabidhi. Wakati wote huo yeye alisimama dirishani amenipa mgongo. Nadhani aliona aibu. Alichosubiri ni ule mlio wa chuma kurudi. Akiusikia aligeuka, akachukua bastola yake, akaenda zake bila asante.

Hebu fikiria. Mimi kuigusa ile bastola ilikuwa kamba shingoni, na yeye alilijua hilo. Halafu saa kumi na mbili jioni, kabla hajafunga nyumba, alinisimamisha mlangoni na mikono juu, akanipapasa mifuko, akaniamuru nitoke kinyumenyume. Asubuhi mikono yangu ilikuwa ya kumsaidia. Jioni ilikuwa mikono ya muuaji. Nilivumilia hivyo karibu miaka miwili, na kila jioni nilishuka laini nikiwa nimejaa sumu.

Kulikuwa na jirani yake, mzungu mwenye shamba la ng'ombe, aliyekuwa polisi wa akiba. Nitamwita Bwana Jirani. Huyu alikuja kila mara kuhesabu risasi za Makucha na kumtazama akilipiga risasi debe lililowekwa juu ya nguzo ya uzio. Nikiwapa chai nilimsikia akimwambia, kwa Kiingereza ambacho alidhani sikijui, kwamba siku atakayoshindwa kuitumia bastola itabidi aache shamba akakae mjini. Makucha alikuwa akikohoa tu na kuomba sukari.

Siku moja Bwana Jirani alihesabu risasi akakuta imepungua moja.

Makucha hakusita hata kidogo. Alininyooshea kidole kile kilichopinda, akasema, "Ni huyu. Huyu tu ndiye anaingia ndani."

Nilivuliwa nguo uani, mchana kweupe, nikabaki na kaptula. Ilikuwa saa ya wanawake wa laini kuja kuchukua maziwa yaliyotolewa krimu, kwa hiyo wote walikuwa wamepanga foleni pale na mitungi yao. Mke wangu alikuwemo. Bwana Jirani alinipiga makofi mawili, akaniambia nitaje ni mpiganaji gani wa msituni niliyempa. Kwenye ile foleni ni mtu mmoja tu aliyefungua mdomo, naye ni Mama Esta, mke wa Kiptoo mkamuaji.

"Huyu mtu ya kanisa," akasema. "Yeye hawezi iba hiyo kitu. Tafuta kwa nyumba kwanza."

Walitafuta. Risasi ilikuwa kwenye kikapu cha Makucha cha kufumia, katikati ya nyuzi. Ilimponyoka mwenyewe vidoleni asijue.

Unajua aliniambia nini? Aliniambia, "Haya, vaa shati. Chakula ya mchana iko wapi?"

Bwana Jirani akacheka, akasema atarudi kesho mchana kumwona akipiga debe.

Sikulala vizuri, na asubuhi nilikwenda kazini nikiwa nimeshaamua. Nikatoa risasi, nikafuta, nikatia mafuta. Yeye yuko dirishani, mgongo kwangu. Nikavuta kile chuma bastola ikiwa tupu, kikalia kama kawaida. Baada ya mlio ndipo nikaingiza risasi kwenye mpini, taratibu, huku nakohoa. Nikaweka kizuizi, nikamkabidhi. Ilikuwa nzito vile vile. Lakini hakuna risasi iliyokuwa imepanda juu.

Nilitaka aaibike. Nilitaka asimame mbele ya Bwana Jirani, alenge lile debe, afyatue, isilie. Ahangaike na yale makucha yake hadharani kama nilivyohangaika mimi na kaptula. Afukuzwe shamba lake mwenyewe. Niliosha vyombo vya asubuhi huku napiga mluzi, nakwambia. Nilifurahi sana!

Saa nne wanawake wakaja kwa maziwa. Siku hiyo Mama Esta alikuwa wa kwanza, amefika kabla ya wenzake. Kiptoo alikuwa ndani ya banda anafunga ndama. Mimi nilikuwa mlango wa jikoni namenya viazi.

Mbwa alitokea upande wa uzio wa pareto. Hakuwa mbwa wa shamba. Alitembea amepinda, kichwa chini, na mate yanamning'inia mdomoni mpaka miguuni. Kila mtu wa kule alijua kichaa cha mbwa kinavyoonekana. Mama Esta alipomwona, yeye mwenyewe alikuwa amebanwa kati ya tangi la maji na ukuta. Akaweka mtungi wake mbele ya miguu, akasimama kimya kabisa.

Makucha alikuwa barazani. Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa huwa natamani kudanganya na sidanganyi. Yule mwanamke mbaya alishuka ngazi. Alishuka mwenyewe, na maumivu yake ya magoti, akamwendea yule mbwa akiwa ameshika bastola kwa mikono miwili. Akasema, "Mama, usitembee." Alifika karibu kiasi ambacho hata mimi nisiyewahi kupiga risasi nisingekosa. Akatoa kizuizi kwa kifundo cha kidole. Akafyatua.

Ikalia tik.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Si kwa sauti. Ndani yangu, kwa muda wa pumzi moja, nilicheka.

Kisha nikamwona anavuta. Akabana chuma kwa viganja, kikateleza, kwa sababu ya mafuta niliyotia mimi mwenyewe. Akakibana kwenye mkanda wa kiunoni. Akakisukuma kwenye pembe ya tangi. Akakiuma kwa meno. Mzungu, bibi kizee, ameuma bastola kwa meno na damu inamtoka kwenye ufizi, na mimi niko hatua kumi tu, nina mikono mizima, kazi ya nukta moja.

Sikwenda. Nilijiambia kwamba wanawake wengine walikuwa wanakuja njiani, wangeniona nimeshika bastola, ningenyongwa. Ni kweli ningeweza kunyongwa. Lakini kwenye ndoo ya kuni palikuwa na shoka, na shoka halimnyongi mtu, nalo pia sikulishika.

Mbwa akaruka. Mama Esta alianguka, mbwa akamuuma mkononi na usoni. Kiptoo ndiye aliyetoka bandani mbio na kumuua yule mbwa kwa jembe.

Walimpeleka hospitali mjini kwa gari la Makucha, na dereva aliendesha kama mwendawazimu. Madaktari walimchoma sindano za tumboni siku nyingi. Walifanya walivyoweza. Lakini alikuwa ameumwa usoni, na ugonjwa huo ukiingilia karibu na kichwa hauna subira. Wiki ya tatu alianza kuogopa maji. Kiptoo alisema hata sauti ya kikombe ilimfanya apige kelele. Sitaeleza zaidi ya hapo. Alizikwa na akaacha mtoto wa kike wa miaka minne.

Siku ile ile ya mbwa, mchana, Bwana Jirani alifika kwa ajili ya debe lake. Akachukua bastola, akaifungua, akaona risasi zote zimekaa mpinini na juu hakuna kitu.

"Hukuivuta," akamwambia Makucha.

Makucha alinitazama. Nilikuwa nimeshika sinia ya chai. Neno moja lake lingetosha, na mimi leo nisingekuwa naandika.

"Nilidhani nimeivuta," akasema. "Ni mikono yangu."

Msije mkaniambia ulikuwa wema. Angenitaja angejitaja na yeye, maana aliyempa Mwafrika silaha naye alikuwa na kesi. Nimelifikiria hilo miaka yote na bado sijui alikuwa anamwokoa nani. Jioni, kabla ya kufunga mlango, hakunipapasa mifuko. Aliniuliza tu:

"Wewe ulisahau?"

Nikasema, "Ndiyo, Memsahib. Nilisahau."

Akasema, "Haya. Kwenda."

Alihama baada ya mazishi. Siku ya kuondoka laini nzima ilijipanga njiani, na haikuwa kumuaga. Wanawake walimzomea. Kiptoo alitema mate kwenye kioo cha gari na kusema, "Hii mzee imeua bibi yangu. Kama mkono imekufa, bunduki ya nini?" Makucha aliangalia mbele tu. Mimi nilikuwa nyuma ya gari nafunga kamba za masanduku yake, na nilipomaliza nilikwenda kusimama upande wa wanaozomea. Sikuzomea. Lakini nilisimama pale, na kila mtu aliniona niko upande gani.

Kiptoo aliendelea kuwa rafiki yangu kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila Krismasi alinitumia mursik, yale maziwa ya kibuyu ya kwao. Mara moja, tukiwa tumekaa nje kwangu, aliniambia kitu ambacho bado kinanikaba. Alisema, "Unajua, kama ingekuwa ni wewe umeshika ile bastola, Mama Esta angekuwa hapa. Wewe mkono yako iko sawa."

Nikasema, "Ni kweli." Hilo tu. Nikamwongezea chai. Alikufa bila kujua.

Watu hupenda kusikia kwamba mkosaji alilipwa. Mngependa niwaambie kwamba vidole vyangu navyo vimepinda. Havijapinda. Nimepita umri aliokuwa nao Makucha na bado natia uzi kwenye sindano kwa kupapasa tu. Kilichokwisha ni macho. Herufi zangu hizi naziandika kubwa kama za mtoto wa shule, na za gazeti siwezi kuzisoma tena.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu amekudhalilisha, mwambie usoni. Mtukane, acha kazi yake, nenda zako. Lakini usiifiche hasira yako ndani ya kitu ambacho watu wanakitegemea, breki ya gari, dawa, kamba ya kisima, chochote kile. Hutakuwepo kuchagua ni nani atakayekitumia kwanza. Mimi nilimtegea mtu mmoja niliyemchukia, nikamuua mtu pekee aliyesimama na kunitetea.

Majina yote nimeyabadilisha. Ila binti wa Mama Esta akifika kwenye mbwa na tangi la maji, atajua. Anakaa hapa Nakuru, ana wajukuu, na tangu baba yake afariki ananiita baba. Kila Jumapili baada ya kanisa huja kwangu na gazeti hili, huketi karibu na dirisha na kunisomea ukurasa huu kwa sauti, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka neno. Nimejaribu mara nyingi kumwambia kwa mdomo wangu, nimeshindwa. Mhariri, tafadhali uichape.