Wastani wa Maji ya Mwamapalala

Stephania Luhende alizaliwa Nkoma, kwenye nyumba ya wakulima wa pamba, akachelewa kusoma. Cheti cha takwimu alikipata akiwa na miaka thelathini na nne, watoto wawili mgongoni. Tangu hapo alikuwa akikusanya takwimu kwa shirika moja dogo lenye ofisi Bariadi mjini.

Mwaka huo walimtuma Mwamapalala kuuliza kaya zinachota maji wapi, ili ijulikane kama wachimbiwe visima. Kwenye dodoso kila jibu lilikuwa na namba yake: bomba ni moja, kisima cha pampu ni mbili, lambo, yaani bwawa la kuchimbwa, ni tatu. Siku tisa alitembea kwa miguu. Kaya thelathini na nane zilikuwa na bomba, arobaini zilichota lamboni, mahali wanapokunywa na ng'ombe. Kisima cha pampu hakukuta hata kimoja.

Wiki mbili baadaye alisoma ripoti ya Joakim, kijana mwenye shahada aliyekuwa msimamizi wake: "Wastani ni mbili. Wakazi kwa kawaida wanatumia kisima cha pampu. Hawahitaji kuchimbiwa."

Alimfuata mezani.

"Mdogo wangu, hizi namba umezijumlisha?"

"Nimezigawanya kwa idadi ya kaya, dada. Ni hesabu ya kawaida."

"Hazijumlishwi. Zile ni majina tu, tumeyapa namba ili yaingie haraka kwenye kompyuta. Jezi namba mbili ukiijumlisha na namba nne, utapata mchezaji gani?"

Joakim alicheka. "Programu imekubali."

"Programu itakubali hata ukiiwekea wastani wa makabila. Umri unautafutia wastani, uzito wa ng'ombe pia. Haya majibu ya kutaja vitu unayahesabu: wangapi huku, wangapi kule. Basi."

"Ripoti imeshakwenda kwa wafadhili, dada Stephania. Tutarekebisha awamu ijayo."

Somo hilo alifundishwa juma la kwanza kabisa chuoni, akaliona jepesi kiasi cha kulidharau. Jioni hiyo aliandika barua kwa mkurugenzi, akaambatanisha jedwali la mistari mitatu.

Mkurugenzi alimwita baada ya mwezi, akakiri kwamba Stephania alikuwa sahihi. Lakini mtambo wa kuchimba ulikuwa umeshapelekwa kata nyingine, na fedha za mwaka zimekwisha. Akamwomba arudi Mwamapalala kuwaeleza watu kwa nini hawatachimbiwa.

Alikwenda. Mama Sayi, aliyemkaribisha kwake siku zile tisa, alimsikiliza akiwa ameshika ndoo.

"Mayu, mama, wewe si ulikuja ukaona lambo kwa macho yako?"

"Niliona."

"Na ukaandika?"

"Niliandika tatu."

Mama Sayi alingoja maelezo zaidi. Stephania alijaribu kumweleza habari za namba zisizo namba, akaanza kwa Kiswahili, akahamia Kisukuma, akaona anazidi kuvuruga mambo. Mama Sayi akamwambia jua linapanda, akaendelea na safari yake ya lamboni.