Kengele Iliyobaki Karibu

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, akalazwa kwenye chumba cha joto cha kituo cha afya, mguuni amefungwa kitambaa chenye waya mwembamba. Kazi ya waya ule ilikuwa moja tu: mtoto akisahau kuvuta pumzi, kengele ilie, nesi aje amsugue unyayo akumbuke. Na watoto njiti husahau. Mama yake alishinda pale, macho kwenye kifua kidogo kama cha kifaranga.

Aliyeitunza kengele hiyo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, fundi wa kompyuta wa kituo. Kwa kuwa mama alimwita "wifi" mbele za watu, wafanyakazi wote nao wakamwita Wifi, na mtandao ukisumbua walimtania kwamba leo Wifi kanuna.

Kazi yake ilikuwa kupanga nini kifanyiwe wapi. Nje ya chumba cha joto, koridoni, palikuwa na kabati la chuma lenye kompyuta ndogo iliyoiamuru kengele kulia, feni yake ikivuma. Mbali huko, mji mwingine kabisa, kulikuwa na mashine kubwa za kukodi, ambazo mafundi huziita wingu. Waya uliopita chini ya barabara ndio uliokiunganisha kituo nazo. Mama aliwahi kumwuliza kwa nini vitu vyote visiende huko kwenye nafasi.

"Gunia la unga likae stoo, wifi yangu," alimjibu. "Lakini chumvi unaiweka mkono unapofika. Sufuria haingoji mtu."

Alikuwa na mazoea yaliyowachekesha wenzake. Kila asubuhi, hata chai hajanywa, alijifunga kitambaa cha akiba kidoleni, akakichomoa ghafla, akatega sikio. Kengele ililia papo hapo. Asubuhi moja ililia, ila kwa kujikokota, imechelewa kidogo. Mwingine asingegundua. Wifi alibaki kasimama, kidole juu, kama mtu aliyeitwa jina kwa mbali.

Akafungua kabati. Jana yake daktari wa picha alikuwa ameongezewa programu ya kusoma picha za mifupa, nayo imeijaza kompyuta ndogo pomoni. Kompyuta ikatii ilivyopangiwa: ukijaa, peleka winguni kilicho chepesi. Siku ya kupanga, hakuna fundi aliyekumbuka kwamba chepesi kuliko vyote ni programu ya ile kengele.

Wifi akairudisha kabatini, akaifungia isihame tena, mifupa akaipeleka winguni. Haikupita saa, daktari wa picha akaja kulalamika kwamba picha zake zinatambaa kama konokono. Wifi alimwomba radhi kwanza. Kisha akasema, "Mfupa utanivumilia, daktari. Pumzi haivumilii." Daktari akachungulia kwenye kioo cha chumba cha joto, akawaona watoto njiti, akashusha sauti. Akasema basi, konokono na atambae.

Mchana wachimba barabara wakaukata ule waya wa kwenda winguni. Skrini ya mapokezi ikazimika, picha zikakwama, watu wakaguna, mmoja akauliza Wifi kanunishwa na nani huko kwake. Katikati ya guno hilo kengele ikalia, kali, bila kujikokota.

Mama aliona kifua kimetulia. Nesi alikuwa keshafika, akasugua unyayo, kimya, akasugua tena. Mtoto akakunja uso, akavuta pumzi, akalia kwa hasira ya mtu aliyekatiziwa usingizi.

Baadaye mama alimkuta Wifi koridoni, ameegemea kabati. Asante aliiona ndogo mno.

"Njoo umwone mwanao, shangazi," alisema. "Anakufokea."

Wifi alicheka huku machozi yakimtoka, akaenda.

Asubuhi iliyofuata, hata chai haijanywewa, kitambaa cha akiba kilifungwa kwenye kidole cha mama. Wifi alihesabu kwa kutikisa kichwa, mama akakichomoa, wakatega sikio wote wawili.