Mama Vifungo Apigwa Picha

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani, na nusu ya mji wao ilivaa alichoshona. Kwa hiyo hospitali ya wilaya ilipoletewa mashine ya kupima saratani ya matiti kwa picha, ya kwanza katika mkoa ule wote, yeye ndiye aliyeshona mapazia ya chumba cha mashine hiyo. Na daktari mkuu alipohitaji mwanamke wa kukaa mbele ya mashine siku ya uzinduzi, alimwendea yeye tena. Alimwambia avae vizuri, atapigwa picha.

Alikubali papo hapo. Siku si nyingi nyuma, akioga, mkono wake uligusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto, kama punje ya harage. Alimwambia wifi yake peke yake. Wifi alimshauri aende kupimwa mji mkuu, wakacheka wote wawili, kama vile ameambiwa aende mwezini.

Siku ikafika. Mgeni rasmi alikuja na msafara wa magari, akakata utepe, akahutubia mpaka viganja vya watu vikachoka kupiga makofi. Alisema kuanzia leo mwanamke wa pembezoni yuko sawa na wa mji mkuu. Kisha wapiga picha wakamsogeza Mama Vifungo kwenye mashine, naye akaanza kufungua blauzi.

Muuguzi alimdaka mkono, akamnong'oneza kwamba leo ni picha za gazetini tu.

"Mimi niliambiwa napigwa picha," alisema Mama Vifungo, na kipaza sauti kilikuwa karibu. "Nina uvimbe. Nipigeni hiyo ya ndani."

Mgeni rasmi, akijua kamera zinamtazama, aliagiza mashine iwashwe. Daktari mkuu akakohoa. Alieleza kwamba umeme wa hospitali hauiwezi, na mtaalamu wa kuiendesha hajaajiriwa bado, ila rangi ya ukuta imekamilika.

"Basi mheshimiwa," Mama Vifungo alisema kwa adabu zote, "gari lako linarudi leo?"

Angekataa vipi mbele za watu? Wifi alikimbia kumfungashia nguo, na fundi cherehani akaingia mji mkuu kwa king'ora, amebanwa kati ya mlinzi na maboksi ya maji ya kunywa.

Kule mashine kama ile zilikuwa zinatazamana barabarani, hospitali hii na ile. Kesho yake asubuhi mhudumu wa mapokezi alimkazia macho, akamuuliza kimemleta nini mbali kote huko wakati kwao huduma ipo. Alikuwa amemwona kwenye gazeti la siku hiyo. Baadaye Mama Vifungo alisikia kwamba kliniki ya kwenye gari, iliyokuwa ikifika kwao kupima wanawake mara moja kwa mwaka, imepelekwa kwingine, maana mkoa wao umeshahudumiwa.

Uvimbe ulikuwa saratani, ila changa. Alipoambiwa aliuliza nani atamalizia sare za shule alizoziacha mezani. Wakamfanyia upasuaji, wakautoa wote.

Alirudi nyumbani mkono wa kushoto ukiwa mzito, wifi akawa anamkatia vitambaa. Wanawake walimiminika dukani, eti wanataka kupimwa magauni, kumbe wanataka kujua alifanyaje. Hakuwaficha. Ndiyo maana mgeni rasmi alipokuja tena, safari hii kuzindua daraja, wanawake walimpokea kwa vigelegele, kila mmoja na begi lake mkononi.

Waliopata nafasi kwenye magari waliondoka. Waliobaki walikaa juu ya mabegi yao pale darajani, wakiulizana nini kingine wilayani kwao hakijazinduliwa.