Betri Chini ya Kiti cha Bibi Harusi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sihangaiki kuikumbuka, maana nikiuinua tu mguu wangu wa kulia naiona. Ni siku niliyotolewa nyumbani kwetu Mabawa kupelekwa kwa mume Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, na nilikwenda nimekalia betri. Usicheke bado. Ukishasikia yote utacheka, hata mimi huwa nacheka.

Aliyenichokoza ni Athumani, mjukuu wa kaka yangu. Amelitoa bandani lile gari la marehemu babu yake, kile kigari cha mgongo wa kobe chenye injini nyuma, amelipiga rangi ya maziwa, na mwezi ujao anataka kumchukulia bibi harusi wake humo. Juzi alikuja kunijulia hali. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, kisha akazama kwenye simu akitafuta betri. Gari lile linataka betri ya volti sita, nazo siku hizi ni adimu. Kila duka analoingia Usagara wanamwambia hizo hazipo, chukua ya kumi na mbili kama watu wote. Nikamuuliza, "Shimo lake umelipima?"

Akacheka. "Bibi, wewe na betri wapi na wapi?"

Nikamwambia aiweke simu chini akae kitako. Na wewe mwanangu, hata kama huna gari na wala huna nia ya kuwa nalo, kaa hapo hapo ulipo usikilize.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Gari lile aliachiwa na Mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge aliyekuwa anarudi kwao, mtu aliyeshonewa suruali na baba miaka mingi hata wakawa kama ndugu. Basi pale mtaani ikawa sifa. Baba akatangaza, tena bila kuulizwa na mtu, kwamba binti yake hatatoka nyumbani kwa gari la kuazima. Akalitangaza msikitini, akalitangaza sokoni, akalitangaza kwa wakwe. Baba yangu, Mungu amrehemu, mdomo wake ulikuwa unatangulia na yeye anafuata nyuma.

Harusi ikakaribia, betri ikafa. Ukiwasha, gari linaguna mara moja kisha kimya. Baba akaacha kula. Fedheha ile aliiogopa kuliko homa, na mimi nilikuwa namwonea huruma hata nikasahau woga wangu mwenyewe wa kuolewa.

Aliyetumwa kutafuta ni kaka yangu Mbwana, babu yake huyu Athumani. Nataka umwelewe vizuri kaka yangu, kwa sababu watu wakisikia kisa hiki humwita mjinga, na mjinga hakuwa. Fundi mmoja alimshawishi atie betri ya kumi na mbili, akakataa, maana alijua taa zote zingepasuka na mota ya kuwashia ingeungua. Mwenye duka mmoja akamtolea ya volti sita iliyokaa rafuni mpaka vumbi limegandamana. Mbwana akafungua vifuniko vyake vitatu, akachungulia ndani, akaona pamekauka pameota weupe kama chumvi. Akairudisha. Mwisho akapata kwa watu wa mkonge, betri ya trekta, volti sita kamili, mpya, haijatiwa maji. Wakaitia tindikali mbele ya macho yake, wakaichaji taratibu mpaka ikajaa, na bei yake ilikuwa ya kibinadamu. Akaja nayo nyumbani ameipakata kama mtoto mchanga.

Mwanangu, hata leo nikimtetea nasema hivyo. Mambo yote aliyafanya sawa. Betri ilikuwa nzima, ilikuwa na nguvu, ilikuwa rahisi. Akasahau kimo tu.

Gari lile betri yake haikai mbele wala nyuma kwenye injini. Inakaa chini ya kiti cha abiria cha nyuma, upande wa kulia, ndani ya kijishimo. Ile ya trekta ilikuwa imezidi kidogo kimo, si zaidi ya vidole viwili. Kifuniko cha bati kinachokaa juu yake kikagoma kufunga, Mbwana akakiweka kando. Akarudisha kiti, akakibonyeza kwa kiganja, kikakaa. Akawasha. Gari likanguruma kwa mguso mmoja, vigelegele vikapigwa, baba akatoka nje akajifuta machozi kwa kanzu.

Utauliza kwa nini hakuna aliyekaa pale nyuma kujaribu. Ah, kiti kilikuwa kimeshatandikwa kanga za harusi! Nani angethubutu kukaa kwenye kiti cha bibi harusi kabla ya bibi harusi? Hata Mbwana mwenyewe aliingiza mkono tu.

Sasa njoo kwa somo yangu, Bi Mwanahawa. Somo ndiye mwanamke anayekufunda tangu unapovunja ungo mpaka anapokukabidhi kwa mume, na neno lake hulirudishi. Bi Mwanahawa alikuwa mnene, mzuri, mkali, na mapenzi yake kwangu yalikuwa makubwa. Asubuhi ile alinishika kidevu akaniambia, "Ukivuka kizingiti hiki, macho chini na mdomo umefungwa, mpaka mumeo akusemeshe. Likikugusa lolote, vumilia. Watu wa Mwera wasije wakasema wameletewa kasuku."

Nikaitika kwa kichwa. Hata "ndiyo" sikusema, nilishaanza kazi.

Nilikuwa nimefukizwa udi tangu alfajiri, nguo, nywele, mpaka viganja. Wakanifunika ushungi, wakaniingiza nyuma upande wa kulia, somo yangu akaketi katikati, shangazi Zena upande wa pili, na Mbwana kwenye usukani. Lori la wanawake wenye ngoma lilikuwa limetangulia kuwahi pantoni ya kuvukia mto. Bi Mwanahawa alipokaa, kiti kizima kilishuka. Nilikusikia kule kushuka lakini sikujua maana yake.

Tulipokuwa tunapita Tongoni nikahisi joto. Nikadhani ni jua. Joto likapanda. Njia ya wakati ule ilikuwa mashimo matupu, na kila gari liliporuka, springi za kile kiti zilishuka zikagusa vichwa vya betri, zile nundu mbili za risasi, na zikigusana cheche hutoka. Haya niliyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba paja langu linaungua na mimi nimeambiwa nivumilie.

Basi nikavumilia. Na tazama balaa lilivyonizunguka. Viti vya magari yale vimejazwa usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, na usumba ulikuwa umeanza kufuka. Sasa nyumbani kwetu chetezo cha udi tulikiwasha kwa kitu gani, kama si kwa makumbi hayo hayo? Moshi ulipoanza kupanda, shangazi Zena akavuta pumzi akasema, "Mashaallah, udi huu umemkolea!"

Nikaanza kutetemeka. Shangazi akasema, "Muoneni anavyoona haya, mtoto kafundwa." Machozi yakanitiririka chini ya ushungi mpaka kwenye mikono yenye hina, na Bi Mwanahawa akanikumbatia kwa bega akaninong'oneza, "Lia mwanangu, lia. Bibi harusi asiyelia hana kwao." Na kila akinikumbatia, uzito wake wote unahamia upande wangu, na kiti kinazidi kushuka. Walinisifu mwanangu, walinisifu huku nikiungua! Sijapata kusifiwa vile tena maisha yangu yote.

Nilikuwa na hasira? Sikuwa nayo. Nilikuwa nahesabu miti tu na kumwomba Mungu tufike. Niliamini kweli kwamba hii ndiyo ndoa, kwamba kila mwanamke aliyepita pale kabla yangu aliungua hivi hivi akanyamaza. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kuliko ule moto.

Tumepita Kigombe, Mbwana ndiye aliyenusa mpira unaoungua. Udi haunuki mpira. Akakanyaga breki, akatuvuta nje mmoja mmoja, kiti akaking'oa kwa mikono akakitupa kwenye mchanga, na huko ndiko kilikowaka sawasawa, mwali umesimama kama mtu. Tukakifukia. Tungechelewa kidogo tu, tungekuwa hadithi ya kusimuliwa na wengine. Mbwana alikaa chini kando ya njia, viganja vimebabuka, akawa anarudia, "Sikupima. Wallahi sikupima."

Bi Mwanahawa akanichukua pembeni, akafunua kanga. Akaliona paja langu.

"Umeanza kuungua wapi?" akaniuliza.

"Tongoni."

"Tongoni! Na hukusema?"

"Somo, si uliniambia nivumilie?"

Nilitegemea anikumbatie tena. Badala yake alinishika mabega akanitikisa, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nilikufunza kuona haya, mwanangu. Sikukufunza kufa!" Kisha akakaa mchangani na lile gauni lake zuri, akalia kwa sauti kuliko nilivyolia mimi. Akaniomba radhi. Mtu mzima, somo, akamwomba radhi mwali wake kando ya barabara. Akasema, "Nilipokuambia likikugusa lolote, nilitakiwa nikutajie na yale ya kupigia kelele. Sikuyataja, maana hata mimi sikutajiwa."

Lililotupitia likatubeba lilikuwa trekta la mkonge lenye tela; gari letu likabaki pale, likaja kuvutwa baadaye. Nikaenda kwa mume wangu nimesimama, nimeshika vyuma, sina uwezo wa kukaa. Mbwana alikuwa haondoi macho kwenye betri ya trekta lile, imekaa pale mbele wazi, juu yake hakuna kitu ila hewa. Pantoni ikatuvusha pamoja na lile lori la wanawake, waliotuuliza maswali mpaka wakachoka.

Mwera nilipoingizwa ndani, mume wangu alinisemesha kama ilivyo desturi, akaniuliza hali. Desturi inataka ujibu kwa kunong'ona kwamba ni njema. Nikasema kwa sauti yangu yote, "Si njema. Nimeungua mguu, nataka dawa." Kijana wa watu akaruka, akatoka mbio, akarudi na asali na kitambaa safi. Tuliishi pamoja mpaka Mungu alipomchukua, na kila tuliposafiri hakuacha kuniuliza kwanza kama nimekaa vizuri.

Haya, sasa nasaha, maana Athumani alikuwa ameanza kuangalia simu tena.

Mwanangu, ukitaka betri ya gari la zamani, usikubali ya kumi na mbili kwa sababu ya uvivu wa muuzaji. Ya sita ipo, ila haitembei madukani, kwa hiyo nyingine imezeeka ikiwa bado inaitwa mpya. Tazama tarehe iliyogongwa juu yake. Ikiwezekana chukua kavu, itiwe tindikali ukiwa umesimama hapo hapo, ichajiwe polepole. Ulizia kwa watu wa matrekta na wa pikipiki za zamani kabla hujamwagiza mtu wa mbali. Nyaya ziwe nene, maana volti chache zinataka njia pana, na pale waya unapofungwa kwenye bodi pakwanguliwe mpaka bati ling'ae. Usidanganywe na nguvu peke yake, wala na urahisi wa bei peke yake. Chukua uzi upime shimo, urefu, upana na kimo, uende dukani na uzi wako. Kifuniko kikikataa kufunga, betri hiyo si yako hata kama unapewa bure. Na ukishaifunga, mwite mtu mnene kuliko wote katika ukoo akae pale juu, uzunguke naye kwenye mashimo. Kanga za harusi zitandikwe baadaye.

Hiyo ni ya gari. Ya pili nimewaambia wali wote niliowafunda, maana na mimi nilikuja kuwa somo, na kovu hili nimewaonyesha mmoja mmoja kabla sijawafundisha kuinamisha macho. Kuona haya ni pambo. Ukihisi joto mahali pasipotakiwa joto, iwe ndani ya gari au ndani ya nyumba, sema hapo hapo, na usipojibiwa piga kelele. Wakikusifia machozi yako, waambie yanatokana na nini.

Athumani alinyanyuka. Baadaye nikamwona uani kwangu anatafuta uzi wa cherehani ya marehemu baba. Jana kaniletea mchumba wake anisalimie, msichana mpole, macho chini, hata maji hakuomba. Nikamfunulia mguu wangu. Kisha nikamgeukia Athumani nikamwambia, siku hiyo mkiwa njiani, huyu akisema simamisha gari, usimuulize kwa nini, simamisha kwanza.

Na wewe mwanangu uliyenisikiliza mpaka hapa, Mungu akujaalie safari isiyo na moshi. Akupe mwenzio mwenye sauti, na wewe akupe masikio ya kumsikia kabla hamjapita Tongoni. Amin.