Nilivyozikwa Ukurasa wa Nne

Dishon Angwenyi anajulikana Migori kama mwenye gazeti. Ni shemasi, huvaa tai hata siku ya kuchimba choo, na akipewa nafasi ya kusalimia watu husema alianzisha Mjumbe akiwa peke yake na maono. Mimi ni mjane wa kaka yake, Barnabas. Naitwa Nyamusi, nauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, na sikuvuka darasa la pili. Kusoma nilijifunzia kwenye Biblia. Nasimulia maisha ya mtu huyu kama ninavyoyajua, kwa sababu yeye huyasimulia vingine.

Alisoma chuo kwa jasho la Barnabas. Alipomaliza alikaa nyumbani kwetu akila na kulalamika kwamba uji ni mwepesi. Baadaye akafungua kibanda cha kuchapa barua za watu karibu na soko, na kibanda chenyewe kilikuwa kinakufa.

Wakati huo meza yangu ya omena ilikuwa kama posta. Wanawake waliofuata samaki Homa Bay na Mfangano, na wale wa Macalder ambao waume zao huchimba dhahabu, wote walipita kwangu. Mtu akifiwa aliniachia ujumbe: mwambie fulani wa Nyatike kwamba mzee amekufa, mazishi ni Jumamosi. Huku wengi huzikwa Jumamosi, na mjomba asipofika, ugomvi wake huishi miaka mingi kuliko kaburi. Kichwa changu kilijaa wafu wa watu. Nikamwambia Dishon tuwachape kwenye karatasi, pamoja na bei ya samaki na ng'ombe waliopotea, tuuze. Alicheka. Alisema gazeti si gunia la omena. Nilipouza ng'ombe wa marehemu tukanunua mashine ya kuchapa, akaacha kucheka.

Mjumbe likawa linatoka kila Alhamisi, kurasa nne. Ukurasa wa nne ulikuwa wa wafu, kila mmoja na picha yake ndani ya mstari mweusi. Watu walianza kulisoma kutoka nyuma. Matangazo nilipokea mimi, na magazeti ya Homa Bay nilipeleka mimi, nimeyakumbatia juu ya boda boda. Yeye aliandika ukurasa wa kwanza, habari za barabara, na picha yake juu.

Lilipoanza kupendwa, nikawa aibu. Wakubwa wakija ofisini aliniambia nikae nje na harufu yangu ya samaki. Sikutoka. Basi akatafuta njia nyingine, na aliipata mahali ambapo mtu asiye wa kanisa letu asingeiona. Sisi ni Wasabato, mimi na yeye. Anajua kwamba jua likizama Ijumaa sishiki kazi ya mtu yeyote. Akatangaza kwamba Mjumbe litatoka Jumamosi asubuhi, eti watu wa mjini hupumzika siku hiyo. Nilimuuliza yeye mwenyewe ataliuza vipi siku ya Sabato. Akasema ameajiri watu wa makanisa mengine, na kwamba kwake hiyo si kazi, ni huduma.

"Ukitaka kuja Jumamosi, mlango uko wazi, shemeji," akaniambia, akitabasamu kama mtu anayekukaribisha chakula anachojua huli.

Hivyo ndivyo nilivyotolewa. Hakuna aliyenifukuza.

Mtu yeyote aliyewahi kuzika angemwambia kwamba tangazo la Jumamosi hutoka watu wakiwa tayari na majembe mkononi. Phanice wa Mfangano, mteja wangu wa miaka mingi, alipeleka tangazo la baba yake. Wajomba zake wa Macalder walilisoma mzee akiwa anafukiwa. Phanice hakwenda kwa Dishon. Alikuja kwangu, akamwaga omena yangu chini, akasema mbele ya soko zima kwamba nimemzika baba yake kama mbwa. Machoni pa watu Mjumbe lilikuwa bado la Nyamusi. Dishon alichukua gazeti, laana akaniachia.

Nikaenda ofisini. Sikuomba kurudi. Nilimtaka aandike tu kwamba simo tena, na aweke picha yangu, ili hata wasiojua jina wajue sura. Nilitaka jina langu lisafike, basi.

"Hilo tu?" akasema. "Shemeji, nitakuwekea vizuri."

Jumamosi iliyofuata, nikitoka kanisani, nilisikia vilio nikiwa bado njiani. Nikafikiri jirani yangu Benta amefiwa, nikakaza mwendo. Vilio vilikuwa kwangu. Wanawake wa soko walijaa uani, wengine wametoka Homa Bay. Viti vimekopwa, moto umewashwa. Phanice alikuwa amejitupa mlangoni pangu, uso kwenye vumbi, akiniomba msamaha.

Benta ndiye aliyeniona kwanza. Akashika kifua, akakalia sufuria.

"Wewe Nyamusi," akasema alipopata pumzi, "nilikuona asubuhi ukienda kanisani. Nikajua umefia huko."

Wakanipa gazeti. Ukurasa wa nne, kati ya mzee wa Rongo na mama wa Awendo, nilikuwa mimi, ndani ya mstari mweusi. Maneno ya chini yalikuwa ya kweli, kwamba nimeacha kazi. Lakini nani husoma maneno ya ukurasa ule akishaona uso anaoujua? Dishon alisema baadaye kwamba ni nafasi iliyobaki. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha zake mbili.

Aliyekuja kulia msibani harudi na njaa. Nilisimama mlangoni nikawaeleza yote: ng'ombe, Jumamosi, tangazo la baba yake Phanice. Nilipomaliza nikawaambia, "Hapa hakuna msiba. Msiba ni wa aliyeutangaza. Nendeni mkanywe chai kwake."

Wakaenda, Benta mbele na viti vyake. Wakakaa kwa Dishon mpaka Jumatatu, na kila mgeni aliyefika aliambiwa Mjumbe lilianzishwa na nani na lilichukuliwaje. Mzee Omwenga wa ukoo wetu alimtaka achinje. Akachinja mbuzi, nyama ikaisha, akachinja mwingine.

Mjumbe limerudi Alhamisi. Ng'ombe wangu hakurudi, na mimi sikurudi. Mtu akija mezani na tangazo namwonyesha ofisi kwa mdomo, naendelea kupima omena. Phanice hununua kwangu tena. Namuuzia, lakini simwongezei juu ya kipimo.

Sabato iliyopita Dishon alinifuata nje ya kanisa na tai yake, akaniuliza mbele ya mchungaji kama nimemsamehe.

"Wewe ni shemasi," nikamwambia. "Unafundisha watu kwamba wafu hawajui neno lolote. Mimi unaniuliza nini?"