Memwari ya Umuhoza

Jirani yangu hapa Niboye, Ndihokubwayo, hupenda kuitwa Direkta. Direkta wa nini? Wa kompyuta moja ya mezani, printa moja na kiti kilichovunjika mgongo. Mimi ni fundi cherehani wa mlango wa pili, na kwa miaka sita nimemsikia akichapa kwa vidole viwili huku akiwafokea wateja kana kwamba amewazaa.

Mwaka huu alikuwa akimchapia Umuhoza, binti wa chuo kikuu, memwari yake. Kwetu sisi tuliosoma Kifaransa, memwari ndiyo ile tasnifu ya kumalizia masomo. Kurasa tisini, miezi mitatu ya masahihisho, na ilitakiwa chuoni Ijumaa, ikichelewa, hahitimu. Nakala nyingine iliyosahihishwa haikuwepo, maana Direkta haruhusu flashi dukani kwake, eti zinaleta virusi.

Jumanne kompyuta ikaanza kujikokota. Unabonyeza herufi, unasubiri kama unayesubiri maji yachemke. Direkta akampigia simu Mukasine, mwanamke fundi wa kompyuta, akaweka sauti kubwa ili sote tujue kwamba ana fundi wake.

"Shida iko kwa memwari, Direkta," Mukasine akasema. "Iko kidogo. Keshokutwa nakuja, tunatoa ile, tunaweka ingine kubwa."

Alimaanisha kile kijibao cha kumbukumbu cha ndani ya mashine, ambacho mafundi nacho hukiita memwari. Mwenye akili angeuliza. Lakini Direkta aulize? Tena amuulize mwanamke? Alitafuta memwari kwenye kompyuta, akapata faili moja tu lenye jina hilo, akalifuta. Kisha, kwa kuwa hujisifu kwamba Kigali hatulazi takataka, akamwaga na kikapu cha taka kilichoko kwenye kioo cha kompyuta.

Alhamisi asubuhi Umuhoza akaja kuchukua kazi yake.

"Memwari yako nilishatoa," Direkta akamwambia, kifua mbele. "Ilikuwa kidogo, inasumbua mashine. Fundi amesema ulete ingine kubwa."

Binti akacheka, akidhani ni utani. Aliponiona mimi sicheki, akaketi sakafuni.

Mukasine alifika, akaitafuta ile kazi hadi saa tisa alasiri, asipate hata ukurasa. Mwishowe akapachika kijibao kipya alichokuja nacho, na kompyuta ikawaka upesi.

Direkta akapiga makofi. Nilimchukia, na namchukia hadi leo.

"Unaona?" akamwambia Umuhoza. "Sasa inakimbia. Mwaka kesho nakuchapia siku moja tu."